Tawi la Kufunga Njia

Bwenini, Tabora
9 Juni 1974

Baba,

Mwalimu Twalibu alisonya. Alikuwa anarudisha karatasi za jaribio la hisabati, meza hadi meza, na kwa kila mmoja alikuwa na neno, huyu pongezi, yule kejeli. Alipofika kwangu aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akavuta mate kwenye meno, msonyo mmoja mrefu, kisha akaiachia karatasi ianguke mezani. Basi. Tangu siku hiyo nausikia nikioga, nausikia kanisani padri anapoinua kikombe. Nikishika kalamu nausikia kabla sijaandika tarakimu ya kwanza.

Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Jiwe limerushwa juu. Baada ya muda gani litarudi chini? Kanuni naijua hata nikiamshwa usingizini. Lakini nilipofungua mabano nilisahau kugeuza alama, kutoa kukawa kujumlisha, na ukurasa mzima uliofuata ukawa safi, umenyooka, na wa uongo. Kwenye karatasi yangu lile jiwe halikurudi. Linapanda hadi leo.

"Eustadia," mwalimu aliniuliza siku ya masahihisho, mbele ya wote, "jiwe lako limefika wapi? Malaika wamelidaka?"

Darasa lilianguka kwa kicheko. Kuluthumu, jirani yangu wa dawati, yule wa mtaa wa Kanyenye hapa mjini, alicheka kuliko wote, kisha akanikanyaga mguu chini ya meza kuniomba radhi.

Ingekuwa hisabati siiwezi ningetulia. Lakini mambo magumu nayaweza, baba. Wenzangu wanapokwama mimi naona pa kupita. Kisha naandika moja mahali pa saba, au naacha alama njiani kama mtu aliyedondosha kijiko. Mwalimu amesema nikirudia hivi katika jaribio la Julai, atamwomba mkuu wa shule aliondoe jina langu kwenye mtihani wa taifa wa hisabati. Bila hisabati hakuna uhandisi. Na mimi naipenda. Naipenda kama mtu anavyompenda mtu asiyemtazama.

Shikamoo. Nimechelewa kuiandika. Msalimie mama, mayu wangu.

Mwanao,
Eustadia


Itulya
23 Juni 1974

Kwa mwanangu mpendwa Eustadia,

Marahaba, ingawa shikamoo yako imenifikia nyuma kama mkia. Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku hatujambo. Karanga tumevuna. Mama yako kifua kinamsumbua kidogo na baridi hii ya asubuhi, lakini hakubali kulala.

Nilimsomea barua yako. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo mwalimu ana mke?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Hana. Mwenye mke hasonyi watoto wa watu. Husonywa yeye."

Kwenye hilo jiwe siwezi kukusaidia. Hisabati yangu iliishia darasa la nne la mapadri, na siku hizi nafundisha katekisimu, ambayo haina mabano. Lakini nilikutazama ulipokuwa likizo. Ukikosea, unachana karatasi. Unaanza upya, unakosea pale pale, unachana tena. Nilimkumbuka babu yako Mayala, Mungu amrehemu. Unajua alikuwa kirangozi, mtangulizi wa msafara, toka Unyanyembe hadi pwani. Alinisimulia kwamba wapagazi wa nyuma, wenye mizigo, hawakuweza kuwaona wa mbele. Basi kirangozi akifika njia panda, akishachagua, alikata tawi lenye majani akalilaza kukatiza njia isiyo yenyewe. Hakuificha wala hakuifukia. Aliifunga tu, ili anayekuja nyuma ajue: huku tulipaona, hakufai.

Nilimuuliza, "Na tawi likikauka?" Akacheka. "Likikauka, mbuzi watakula majani na njia itafunguka. Tawi si ukuta, mwanangu. Ni neno tu."

Basi na wewe usichane. Laza mstari mmoja juu ya kosa, liache lionekane, andika upya pembeni. Utajua makosa yako yanakaa wapi.

Mama yako anakusalimu sana, anauliza kama unakula. Matobolwa utaletewa na Hilari mchuuzi, akija mjini na baiskeli yake. Mama yako amekata na kuanika viazi mwenyewe, vipande vyembamba unavyopenda.

Nakuamini.

Baba yako,
Raymundi


Bwenini, Tabora
21 Julai 1974

Baba mpendwa,

Shikamoo. (Umeona, leo iko mbele.) Mayu kifua chake vipi? Mimi ni mzima, na matobolwa yamekwisha. Kuluthumu anayala kama mtu aliyeshindishwa njaa, wakati nyumbani kwao Kanyenye kuna wali kila siku.

Nimefanya ulivyosema. Daftari langu limekuwa kichaka. Kuluthumu alilifungua akasema, "Shoga, hili daftari au zizi la mbuzi?" Lakini nimeona kitu. Makosa yangu hayajatapakaa. Yanakaa mahali pamoja: kwenye mstari unaofuata baada ya ule mgumu. Nikishavuka pagumu napumua, mkono unalegea, na hapo ndipo nadondosha alama. Sasa nikivuka nasimama. Nausoma mstari kwa sauti ya chini kama sala, ndipo naendelea.

Jaribio la Julai nimefaulu. Mwalimu Twalibu aliitazama karatasi yangu muda mrefu, akasema, "Hm." Jina langu linabaki.

Lakini kuna jambo silipendi. Sasa naona kosa hata pasipo kosa. Juzi nililaza tawi juu ya mstari uliokuwa sawa kabisa, nikazunguka nusu ukurasa kurudi pale pale. Kuluthumu akasema, "Wewe Eusta, hata jina lako ukiliandika utalifuta." Tulicheka. Mimi nilicheka kidogo.

Nitakuja likizo ya Septemba. Mwambie mayu aniwekee uyoga mkavu, na auweke mbali na wewe.

Mwanao,
Eustadia


Kijiji kipya
25 Agosti 1974

Mwanangu Eustadia,

Tumsifu Yesu Kristo. Usishangae anwani. Tumehama. Malori ya serikali yalikuja wiki ya pili ya mwezi, kila mtu akapakia alichoweza, na nyumba ya Itulya haipo tena. Sina la kuongeza juu ya hilo katika barua.

Huku tumepangwa kwa mistari iliyonyooka, wewe ungeipenda. Kijiji kiko pale njia ya zamani ya misafara inapokata barabara ya malori. Ukishuka njia panda, kushoto ni kwetu. Kulia ni uwanja uliotengwa kwa makaburi, nao umekwisha pata wenyeji, wachanga hasa. Nyumba zetu bado ni za nyasi. Vumbi ni jingi, na alfajiri baridi inaingia inavyotaka.

Kifua cha mama yako hakijamwachia. Anakusalimu sana. Anasema nikuambie nyumba hii haina hata pembe ya kuficha uyoga.

Likizo ya Septemba usije. Najua utaumia. Hapa hakuna pa kukaa wala taa ya kusomea, na mtihani uko mbele. Baki shuleni, usome.

Nakuamini.

Baba yako,
Raymundi


6 Oktoba 1974

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mwili wangu ni mzima. Hilari atakuletea matobolwa. Kula. Soma. Mtihani ni mwezi ujao, usitazame nyuma.

Nakuamini.

Baba yako,
Raymundi


Bwenini, Tabora
20 Oktoba 1974

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi kama telegramu. Hukuandika mahali ulipo, na mhuri ulikuwa wa posta ya hapa mjini. Nikasema Hilari ameitupia huku. Na kwa mara ya kwanza tangu nianze bweni, umesahau salamu za mayu! Nilifurahi, usikasirike. Kumbe uzembe nimeurithi kwako. Nitakutumia kalamu nyekundu.

Mwambie mayu matobolwa yamefika, ila safari hii vipande ni vinene kama visigino, vingine havikukauka katikati. Asikate kwa haraka kwa ajili yangu. Naweza kungoja.

Nasoma mpaka herufi zinatembea. Mwishoni mwa Septemba, tukiwa darasani, nilimwona mtu amesimama nje ya ua wa shule, na koti kama lako, lile lenye kiraka begani. Moyo uliruka. Kisha nikajiambia, Eustadia, umeanza kuona visivyokuwapo. Nikarudi kwenye karatasi, na nilipotazama tena hapakuwa na mtu.

Kufeli kwa sababu sijui, hilo naliweza. Naogopa kujua, kisha nisijiamini kwamba najua. Niandikie kabla ya mtihani, hata mistari miwili. Na salamu za mayu ziwemo.

Mwanao,
Eustadia


Kijijini
3 Novemba 1974

Mwanangu Eustadia,

Barua yako nimeisoma, peke yangu, mara nyingi. Mungu akuongoze mkono. Andika polepole. Ukivuka pagumu, simama.

Nakuamini.

Baba yako,
Raymundi


Bwenini, Tabora
16 Novemba 1974

Baba,

Jana nilifanya karatasi ya kwanza ya hisabati. Jiwe lilikuwepo. Safari hii limerushwa kutoka juu ya jabali, likaangukia bondeni. Tafuta lilipofika, ukipima kutoka lilipoanzia. Nilifanya kila kitu, nikavuka pagumu, nikasimama kama ulivyonifundisha. Jibu lilitoka na alama ya kutoa mbele yake. Nikaliangalia. Nikausikia msonyo. Nikajiambia: ni ile alama yako tena. Nikalaza mstari juu ya ukurasa mzima, nikaandika upya, nikalazimisha mpaka kutoa kukawa kujumlisha. Maswali mengine mawili nayo niliyatendea hivyo hivyo.

Nje ya mlango Kuluthumu aliniuliza nimepata ngapi. Nilipomwambia alishusha kidole hewani, toka juu hadi chini. "Lakini Eusta, si lazima iwe ya kutoa? Jiwe limeanguka chini ya lilikoanzia."

Nilikuwa sahihi. Nilifunga njia yenyewe. Na kilichofutwa hakisahihishwi.

Leo asubuhi Kuluthumu alinipeleka sokoni Kanyenye ili nipumue. Tulimkuta Hilari anauza asali. Akavua kofia.

"Pole, binti Raymundi. Mama yako alikuwa mtu wa watu."

"Kwani sasa ni nini?" nikamuuliza.

Hilari alimtazama Kuluthumu, akanitazama mimi, akaanza kuyapanga machupa yake yaliyokuwa yamepangika. "Mimi nilijua unajua," akasema. "Nilijua umeruhusiwa. Kutoka hapo Kitete hadi shuleni kwenu..."

Kutoka bwenini hadi hospitali ya Kitete ni mwendo wa kumaliza kipande cha muwa. Tunapita pale kila Jumapili tukienda misa.

Karatasi ya pili ni Jumatatu. Niandikie kila kitu. Usifupishe.

Eustadia


Kijijini
24 Novemba 1974

Mwanangu Eustadia,

Sina haki ya kukuuliza hali yako, kwa hiyo siulizi.

Mama yako alizidiwa katikati ya Septemba. Tulimleta Kitete kwa lori la tumbaku. Wauguzi walimhangaikia sana, usimlaumu mtu. Kifua kilikuwa kimekwisha amua. Mimi nilikuwa nalala barazani pamoja na wengine wenye wagonjwa. Ndiyo, koti lilikuwa langu. Nilikuja nikasimama nje ya ua, nikakuona umeinamia karatasi. Siku nyingine nilifika hadi langoni. Mlinzi akaniuliza, "Mzee, unamtaka nani?" Nikamwambia nimepotea njia. Katika jambo hili lote, huo ndio uongo pekee nilioutamka kwa mdomo.

Mama yako aliuliza mara moja. "Yuko karibu?" Nikasema, "Yuko karibu, anasoma." Akasema, "Basi mwache asome." Sijui kama alisema kwa kukupenda au kwa kuchoka. Nalipindua neno hilo kila nikisali na halinipi jibu.

Alifariki tarehe sita Oktoba, alfajiri. Ile barua fupi niliiandika barazani, nangoja lori la kutubeba. Salamu zake sikuweza kuziandika. Kukuficha niliweza; kusema uongo kwa jina lake sikuweza. Viazi nilikata mimi baada ya mazishi. Sikujua kama ni kazi ngumu vile.

Nilijua ukisikia utaanguka. Ulikuwa umeniandikia jinsi mkono wako unavyolegea kwa jambo dogo, na hili halikuwa dogo. Niliona njia ya kuja kwa mama yako ni njia ya kupoteza kila ulichosomea, nikailazia tawi. Babu yako angefanya hivyo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Padri yuko tayari kukuandikia barua ya ushuhuda, upewe kurudia mwaka. Kubali, mwanangu. Mfiwa hahesabiwi makosa. Na njoo nyumbani. Kanga zake sijazigawa.

Baba yako,
Raymundi


Stesheni, Tabora
2 Desemba 1974

Baba,

Shikamoo. Naiandika kwa kuwa ni haki yako. Moyo haujaifikia.

Karatasi ya pili niliifanya. Mkuu wa shule alisikia habari kwa Kuluthumu, akaniita Jumapili, akaniambia kama unavyoniambia wewe: naweza kupumzika, itaandikwa barua, nitarudia. Nikamwambia nitaingia. Niliingia nikijua kwamba mama yangu yuko ardhini na kwamba nilikuwa napita dirishani kwake nikienda kumwombea afya. Niliandika kila swali mara moja. Nilipofika pagumu nilivuka, nikasimama, nikaendelea. Sikulaza mstari hata mmoja. Msonyo sikuusikia. Nilichosikia ni kisu cha mayu juu ya ubao, akikata viazi vyembamba, bila haraka, na sikutaka kinyamaze.

Najua ile karatasi iko sawa. Sihitaji mwalimu Twalibu aniambie. Ni kitu kigeni kwangu kujua hivyo, na nimekipata siku mbaya. Haitanisaidia sana, karatasi ya kwanza imekwisha niharibia, na uhandisi nadhani umenipita. Nakuandikia haya ujue ulikosea wapi, maana wewe ndiye uliyenifundisha kuacha kosa lionekane.

Kila barua ulimaliza kwa "nakuamini". Mwalimu alisonya mara moja, mbele ya watu, nikajua anavyonifikiria. Wewe ulisonya kimya, barua baada ya barua, na chini yake ukaandika kwamba unaniamini. Mlikuwa na jibu moja, wewe na yeye: huyu akitikiswa ataanguka. Ubaya ni kwamba nami nilikubaliana nanyi. Niliona koti lako nikasema si koti. Nikaona vipande vinene nikasema ni haraka. Salamu hazipo, nikasema ni uzembe. Jibu lilikuwa mkononi mwangu tangu Oktoba, na nikalifuta mwenyewe, kwa sababu lilikuwa na alama ya kutoa.

Aliuliza kama niko karibu. Nilikuwa karibu.

Barua ya padri usiiombe. Nimekwisha mwambia mkuu wa shule kwamba mfiwa huyu ahesabiwe makosa yake yote. Na nimejiandikisha katika kundi la kwanza linaloondoka kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Treni inaondoka leo, na Kuluthumu amekaa juu ya sanduku langu, analia na kula mkate kwa pamoja.

Jumamosi nilikuja huko. Hukuniona, ilikuwa saa yako ya katekisimu, nikasikia watoto wakiitikia. Lori la tumbaku lilinishusha njia panda. Nilikwenda kulia. Msalaba umeuchonga vizuri. Nilikaa na mayu mpaka jua likageuka, nikamsimulia habari ya jiwe, jinsi lilivyopanda na jinsi lilivyorudi. Yeye asingeelewa, ila angeuliza kama limemwangukia mtu.

Niliporudi njia panda nilisimama. Ningeweza kwenda kushoto. Moshi wa jiko lako ulionekana, na ulikuwa mwingi. Kuni zako bado mbichi. Nilikata tawi la mninga, lenye majani, nikalilaza kukatiza njia inayokuja kwako. Nililivuta vizuri, toka ukingo hadi ukingo, lisionekane kama limeangushwa na upepo. Kisha nikaenda kungoja lori.

Utakuwa umekwisha liona, na utakuwa umejiuliza ni nani siku hizi anayejua mambo ya babu. Ni mimi. Nililikata bichi, nalo litakauka kwa wakati wake.

Mwanao,
Eustadia